Kipi Kinasubiri Kipi



Tarehe 12 Aprili 2017, hapa Pugu, Dar es Salaam, Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa (SGR), kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro. Ujenzi ulipangiwa miezi 30. Lakini safari za abiria zilianza tarehe 14 Juni 2024. Sisi wa Pugu tuliona tuta likiinuka na nguzo za umeme zikisimama. Kazi kubwa namna hiyo huendeshwa kwa ratiba, na siku hizi ratiba hupangwa kwa programu za kompyuta. Jioni hii nazungumza na vijana wanaojifunza programu hizo.

Wengi huanzia kwenye vitufe. Baada ya wiki moja kijana anachapisha chati nzuri yenye pau za rangi. Muulize kwa nini kazi ya tano inaanza Jumanne, hana jibu. Programu haijui ujenzi. Inachojua ni kile ulichoiambia, na la kwanza la kuiambia ni hili: kipi kinasubiri kipi.

Tazama maboma yaliyotuzunguka hapa Pugu, kuanzia Kajiungeni hadi Mnadani. Chukua moja. Tuseme kuta ni siku 14, lenta siku 7, kupaua siku 10. Kila kazi inasubiri iliyotangulia, kwa hiyo jumla ni siku 31. Wakati huohuo fundi wa kuchomelea anahitaji siku 12 za grili, na grili zinatakiwa paa likikamilika. Akianza siku ya kwanza, ana siku 19 za akiba. Akichelewa wiki, nyumba haichelewi. Mwashi akichelewa siku moja, nyumba nzima imechelewa siku moja. Basi ukiwa na fedha ya kumlipa fundi mmoja tu wiki hii, unajua ni yupi.

Hesabu hiyo ya kutafuta mnyororo wa kazi usiovumilia kuchelewa ilibuniwa mwaka 1957 na Morgan Walker wa DuPont na James Kelley wa Remington Rand, kule Marekani. Programu za leo, ziwe Microsoft Project ya kulipia au ProjectLibre na GanttProject za bure, zinaifanya kwa sekunde. Lakini ukikosea kuunganisha kazi, zitakupa jibu la uongo kwa kasi ileile.

La pili ni kalenda. Microsoft Project ukiifungua inahesabu Jumatatu hadi Ijumaa, saa nane kwa siku. Fundi wa Pugu anafanya kazi Jumamosi, na masika ya Machi hadi Mei yanamsimamisha. Kijana asiyebadili kalenda amepanga ujenzi wa nchi nyingine.

La tatu ndilo gumu: ukweli. Kazi ikichelewa, andika tarehe ya kweli, na mpango wa awali usiufute. Nimeona watu wakisogeza tarehe kimyakimya ili chati ibaki safi mbele ya bosi. Pengo kati ya tulichopanga na kilichotokea ndilo darasa la mradi unaofuata. Ukilifuta, mradi ujao utarudia kosa lilelile, na anayelipa ni mwenye nyumba au mlipakodi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa vyuo na vituo vya kompyuta: msiwape wanafunzi mradi wa kitabuni. Waambieni walete kazi ya nyumbani kwao, iwe boma la baba, kisima au banda la kuku. Wiki ya kwanza iwe ya karatasi na penseli, na mafundi wenyewe waulizwe.

Nawe kijana unayenisikiliza, usisubiri kompyuta. Usiku huu orodhesha kazi kumi zilizobaki kwenye boma lenu, na mbele ya kila moja andika inasubiri nini. Kesho asubuhi mpelekee fundi akusahihishe.