Bakteria Walinzi wa Udongoni



Mwenyekiti alitaka nizungumze juu ya utumishi serikalini. Nimemwomba radhi, kwani mambo ya majalada mtayajua mkiajiriwa. Nitazungumza juu ya kitalu cha nyanya kilichokufa Sinza, na sehemu yangu katika kufa kwake.

Nakaa Sinza, katika eneo la viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970. Viwanja hivyo ni vidogo, lakini pembezoni na katika nafasi zilizobaki bado wapo watu wanaolima mchicha, matembele na nyanya. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima anayelea wajukuu wawili kwa kuuza mboga, aliniita asubuhi moja nikaone miche yake. Ilikuwa imelala chini, mashina yamenywea pale yanapogusa udongo, kama yaliyokazwa uzi. Ugonjwa huo ndio kinyausi. Huletwa na vimelea vya udongoni kama Rhizoctonia, ambaye ni kuvu, na Pythium, ambaye wataalamu siku hizi humtenga na kuvu halisi ingawa ubaya wao ni mmoja. Hupenda kitalu kilichobanana na kulowa mno.

Mimi msomi wenu nikaenda duka la pembejeo, nikarudi na chupa ya bakteria aitwaye Bacillus subtilis. Gharama tuligawana. Tukamwagilia kitalu chote. Baada ya wiki moja miche iliyokuwa imebaki nayo ikalala.

"Mwanangu," aliniambia, "mbona hao wadudu wako nao wamelala?"

Sikuwa na jibu. Msimu ulikuwa umempita, na fedha zile zilikuwa za sare za wajukuu.

Basi nikarudi kwenye vitabu. Bakteria huyu hukaa kwenye mizizi, akila sukari inayotolewa na mizizi yenyewe. Hutengeneza kemikali zinazotoboa ngozi ya chembe za kuvu. Tena uwepo wake huuamsha mmea ukaanza kujilinda wenyewe. Ndugu yake katika kazi hiyo, Pseudomonas fluorescens, hunyakua madini ya chuma udongoni, adui akabaki na njaa. Lakini yote hayo ni kama daladala saa kumi na moja jioni: aliyewahi kiti ndiye mwenye kiti. Nilimpeleka bakteria kwenye mizizi ambayo kuvu alikwisha kuikalia. Yeye ni mlinzi wa zamu, wala si daktari. Huko Marekani wakulima wa pamba wamekuwa wakimpaka kwenye mbegu kabla ya kupanda tangu miaka ya 1990, nami nilimwita baada ya mazishi.

Kosa la pili lilikuwa kutouliza. Mama alikuwa amenyunyiza dawa ya shaba siku mbili kabla. Shaba haichagui, huua bakteria wabaya na wema. Spora za Bacillus ni ngumu, huvumilia ukame na joto la rafu ya duka, lakini zikishachipua hazina ngao hiyo.

Vijana msidhani haya ni mambo ya bustani tu. Dawa ya streptomisini, iliyogunduliwa mwaka 1943 na kuwaponya wagonjwa wengi wa kifua kikuu, ilitoka kwa bakteria wa udongoni wa namna hiyo hiyo, anayepigana na majirani zake.

Wala si kila mnyauko ni wa kuvu. Kata shina la nyanya iliyonyauka, ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko bakteria, na dawa ya ukungu hapo ni fedha ya kutupa.

Msimu uliofuata tuliinua tuta, tukapanda kwa nafasi, tukamwagilia asubuhi tu, na mbegu tukazichovya kwenye bakteria kabla ya kusia. Miche mingi ilipona. Mama anawasifu wadudu. Mimi siwezi kuapa. Huenda lililotuokoa ni lile tuta, kwani tulibadili mambo manne kwa mpigo, jambo ambalo mwalimu wetu wa baiolojia angenipa sifuri.

Kwa hiyo nimeleta ndoo mbili za udongo wa kile kitalu kilichokufa, ziko nyuma ya maabara. Kidato cha Tatu wajaze trei tatu, maji na nafasi viwe sawa: trei ya kwanza mbegu zisipakwe kitu, ya pili zipakwe bakteria, ya tatu bakteria wamwagwe baada ya miche kuanza kulala. Hesabuni miche kila siku, mniandikie, nami nitamsomea mama. Udongo huo usimwagwe shambani kabla ya kuchemshwa. Mpishi amekwisha kukubali kutoa sufuria moja kuukuu.