Nyasi Kwanza, Fedha ya Kaboni Baadaye

Ndugu wafugaji, akina baba, akina mama, na ninyi vijana mnaoshinda machungani,

Mmesikia kwamba wenzetu wa Wilaya ya Tanganyika wanalipwa fedha za kaboni. Ni kweli. Vijiji vinane, Katuma, Mwese na Kapanga vikiwemo, vimetunza misitu ya Ntakata, na fedha hizo zimejenga zahanati na madarasa. Lakini ule ni msitu uliokuwepo, ukazuiwa usikatwe. Malisho yaliyochakaa ni habari nyingine. Uoto urudi kwanza, kaboni ijae kwenye mizizi na udongo, ipimwe, ithibitishwe, ndipo kila tani iuzwe. Ni kazi ya miaka.

Kurudisha uoto mnakujua. Kwa Wasukuma, ngitili si neno la kufundishwa na bwana mifugo. Mradi wa HASHI ulipoanza Shinyanga mwaka 1986, nchi ilikuwa imebaki vumbi. Watu wakarudia ngitili: eneo linafungwa mvua zikianza, visiki vinachipua, mbegu za nyasi zilizolala ardhini zinaamka zenyewe. Linafunguliwa kiangazi kikikaza, kwa ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai. Faida hiyo haingoji mnunuzi wa Ulaya. Mama anaiona kwenye kibuyu mwezi wa tisa.

Sasa, mtu akija na karatasi ya kaboni, msitie dole gumba siku hiyo hiyo. Kaskazini mwa Kenya mradi wa kaboni wa malisho ulianza mwaka 2013. Januari 2025 mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi ya jamii ya Biliqo Bulesa, iliyomo katika mradi huo, iliundwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo.

Basi ulizeni. Mkataba ni wa miaka mingapi? Kijiji kinapata fungu gani? Mwaka wa ukame, nani anaamua ng'ombe wapite wapi? (Hili la mwisho ndilo linalosahauliwa, na ndilo linaloua mifugo.) Usomwe wote kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji, akina mama wakiwepo. Kampuni ioneshe kibali chake chini ya kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022. Sisi wa Kawajense tuko ndani ya manispaa, kwa hiyo mwenye ng'ombe kijijini ahudhurie mkutano wa kule kule.

Kwa sasa, kabla ya mvua za Novemba, kubalianeni na majirani wakulima juu ya mipaka, mfunge kipande kimoja kidogo.