Mikro mbili juu ya batri: namna makuta yenu yalitumika

Maneno ya kundi la muziki mbele ya mkutano wa wanamemba, Baraka



Mulitupa dola 120 za kununua mikro za kurekodi batri. Wengine wenu mulisema wazi: hayo makuta yangemununulia mama mujane mabati. Hamukukosea. Njo maana leo tunaeleza kila dola.

Batri tulijifunza kule kambini, Tanzania. Huku Fizi korali zinataka kurekodi, na zinalipa. Lakini kazi yetu ya kwanza iliharibika. Tuliweka mikro moja ya kuimbia mbele ya batri: ngoma ya mguu ikasikika, sahani zikapotea. Korali ikakataa kulipa, na ilikuwa na haki.

Mikro za juu zinasimama juu ya batri, moja kuume, moja kushoto, zinachukua batri nzima. Kuko aina mbili. Dinamiki, kama Shure SM57, ni ngumu na haiombi kuranti, lakini haishiki vizuri mlio mwembamba wa sahani. Kondensa inaushika, lakini inaomba volti 48 kutoka kwa mashini ya kurekodi. Basi mbele ya kununua tuliangalia kama mashini yetu iko na kitufe cha 48V. Iko nacho. Bila hicho, makuta yangelala bure.

Muuzaji alituonyesha mikro moja ya bei kubwa. Tulikataa. Afazali mbili za bei ndogo zinazofanana, juu ya mikro zisizofanana zinafanya upande mmoja wa batri usikike tofauti na mwingine. Tulichukua Behringer C-2, zinauzwa mbili katika kasha moja. Zilikula dola 70, miguu miwili na waya dola 45. Dola 5 zimerudi kwa mweka hazina.

Tuseme kweli: mikro za bei hiyo zinaweza kufanya sahani zipige kelele kali. Dawa yake ni ya bure. Tulizipandisha kidogo, tukamwomba mpigaji apunguze mkono kwa sahani, tukatundika mablanketi chini ya mabati. Kisha tukapima kwa kamba: kutoka katikati ya kesi klere mpaka kila mikro, urefu uwe ule ule. Kama haulingani, sauti inafika kwa mikro moja mbele ya ingine, na kesi klere inakuwa nyembamba, haina tumbo.

Korali ile ile ilirudia. Ikasikiliza, ikalipa.

Mikro si zetu, ni za shirika. Zinalala ofisini ndani ya kasha lake, mbali na vumbi. Nusu ya makuta ya kila kazi inaingia kwa sanduku la shirika, na tunaomba fungu la kwanza liende kwa mabati ya yule mama.

Kitabu cha hesabu kiko hapa mezani. Mwenye ulizo, aulize.