Presha Leo, Kumbukumbu Kesho: Mada kwa Wahudumu wa Afya na Masheha wa Pemba

Utangulizi

Mzee anapouliza jambo lile lile mara tatu asubuhi moja, au akapotea njia ya msikiti anaosali kila siku, watu wa nyumbani husema amerudi utotoni. Wengine hushuku shetani, akapelekwa kwa mganga. Kumbe usahaulifu wa namna hiyo ni maradhi ya ubongo, yaani demensia, wala si lazima ya uzee. Mada hii inashauri kinga ianze mapema, na ianzie kwenye presha.

Maradhi yanavyopimwa

Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliikuta demensia kwa wazee wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea. Huko huko kikaundwa kipimo kinachowafaa wasiopita skuli: mzee hupangiwa umbo la njiti za kibiriti, naye alipange vivyo hivyo, na hukumbuka maneno aliyotajiwa. Kwa bibi wa Micheweni aliyesoma chuo cha Kurani tu, kipimo cha karatasi na kalamu kingemuonea.

Yanayoudhuru ubongo

Mwaka 2024, tume ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni presha, sukari, sigara, uziwi, uoni hafifu na upweke.

Presha ndiyo yenye hila. Huchakaza mishipa midogo inayolisha ubongo miaka mingi kabla mtu hajasahau chochote. Mvuvi wa miaka 45 mwenye presha, mpenzi wa ng'onda, haumwi kichwa wala hasikii kizunguzungu. Akipewa vidonge, huviacha akijiona mzima.

Uziwi nao huanza kwa aibu: mzee huchoka kusema “eti?”, akanyamaza, mwisho haji tena barazani.

Hazina iliyopo

Barazani pana bao. Mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Kila akinamua, hukadiria kete zitaishia shimo gani na mwenziwe atajibu vipi. Msimu wa karafuu, kina mama hukaa pamoja wakichambua karafuu na makonyo, vidole vikienda na mazungumzo yakienda. Si dawa hayo, wala hayashushi presha, lakini yanaufanyisha ubongo kazi na kumtoa mtu upwekeni.

Mapendekezo

Tangu Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inawalipa Pensheni Jamii wazee wa miaka 70 na zaidi, hata wasiowahi kuajiriwa. Majina yao yanajulikana. Orodha hiyo itumike kuwaita kupimwa presha, sukari, macho na masikio.

Mtoto au mkwe aliyemsindikiza mzee apimwe presha hapo hapo, aandikiwe kadi yake na apewe tarehe ya kurudi. Wengi wao wako katika miaka ya 40 na 50, umri ambao kuidhibiti presha kunaufaa ubongo zaidi.