Fedha ya mvua



Likizo ya Juni inakaribia, na wiki hii watu watatu wameniuliza swali moja: kwenda msitu wa Amani, kule juu Muheza, kunagharimu shilingi ngapi? Kila mmoja alikuja na nusu ya jibu lake tayari: nauli ya basi, kiingilio cha hifadhi, pesa ya kula. Hesabu hiyo naifahamu. Ndiyo niliyoondoka nayo mara ya kwanza, na siku ya tatu ilinikuta na watoto wawili, nguo mbichi, na shilingi 4,000 mfukoni.

Ilikuwa Pasaka. Wengi wetu tunasafiri Pasaka kwa sababu shule zimefungwa na ofisi zimefungwa. Lakini Pasaka mara nyingi huangukia Aprili, na Aprili ndiyo masika yenyewe. Amani iko kwenye milima ya Usambara Mashariki, ambayo iko karibu sana na pwani. Upepo uliobeba unyevu wa Bahari ya Hindi ukiikuta milima ile unapanda, unapoa, unamwaga maji. Kwa mwaka hunyesha karibu milimita 2,000, na hata miezi ya kiangazi mvua hupita kubisha hodi. Bila mvua hiyo msitu usingekuwepo. Nasi tulikwenda kuutazama msitu wa mvua bila kuiandika mvua popote kwenye daftari letu.

Usiku wa pili ikanyesha mpaka alfajiri. Basi tulilolitegemea halikuja. Kutoka Muheza mpaka Amani ni kama kilomita 35, na kadiri unavyopanda ndivyo kona zinavyobana na udongo unavyoteleza kama sabuni. Bodaboda walitaja bei mara tatu ya ile tuliyopandia, na siwalaumu: matope yale yanakula mafuta, yanakula tairi, na yanaweza kumvunja mtu mguu. Wakala wa fedha za simu pale kijijini alikuwa ameishiwa floti. Simu yangu ilikuwa na fedha ambazo sikuweza kuzigusa.

Tukalala usiku wa tatu kwa mkopo. Aliyetudhamini ni kijana mwongoza wageni ambaye asubuhi ya kwanza nilimbana mpaka akapunguza bei yake kwa shilingi 5,000. Kijana yule yule alimbeba mwanangu mgongoni kwenye njia ya utelezi, akazungumza na mama mwenye nyumba, akatuletea ndizi na maharage kutoka kwao. Deni nililipa nilipofika Muheza mjini. Ile 5,000 niliirudisha pia, lakini bado inaniuma.

Kwa hiyo kwa wale watatu, na kwa yeyote anayepanga, naanzia hapo. Mwongoza wageni awe mstari wa kwanza wa bajeti. Wengi tunampangia kile kitakachobaki baada ya nauli, chumba na soda, na kwa kawaida hakibaki kitu. Halafu tunaingia msituni wenyewe, tunaona kijani juu ya kijani, tunapiga picha mbili, tunarudi tukisema hakuna kitu kule. Mtu anayeujua msitu atakusimamisha mbele ya mti mrefu ulionyooka na kukuambia huyu ni mgeni: Maesopsis, uliletwa na watu, ukasambaa, na sasa unawasumbua wahifadhi. Usiku atamulika tochi kwenye kijiti ambacho ungekipita, na hapo atakuwapo kinyonga amelala, rangi yake imepauka. Bila yeye umelipa nauli kwenda kutazama majani.

Kuna watu hulipa dola 1,500 za Marekani kwa mtu mmoja kukaa saa moja na gorila wa milimani kule Rwanda. Ndiyo bei ya kibali kwa mgeni wa kimataifa tangu mwaka 2017, na wanalipa bila kubishana na mtu. Sisi tunafika Amani, kwenye msitu wenye mimea na viumbe ambavyo havipo popote pengine duniani, na tunamkaba kijana wa kijiji kwa 5,000.

Na vijiji vile vina historia ya kupitwa na fedha. Mwaka 1892, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alikutana na ua dogo la zambarau katika nchi hii ya Usambara, akalituma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Leo utalikuta ndani ya vyungu kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, limezalishwa kwa rangi chungu nzima, na wafanyabiashara wa maua wamefaidika nalo kwa zaidi ya miaka 100. Njia ya fedha hizo haikupitia kwa wenyeji wa Usambara. Mwituni ua lenyewe bado linaota kwenye miamba yenye kivuli na majimaji, na mtu wa kukuonyesha ni yule yule tunayemkaba.

Baadaye wakulima wa Amani walijifunza kufuga vipepeo na kuuza pupa wao kwa wenye maonyesho ya ng'ambo. Kipato kikaingia nyumbani bila mti kukatwa. Mwaka 2016 serikali ilipositisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, vipepeo nao wakakumbwa na katazo. Ukijua hivyo, unaelewa uzito wa noti ya mgeni anayefika kwa miguu yake.

Sasa hesabu yenyewe. Ukishamwandika mwongoza wageni, mstari wa pili ni mvua. Kwa kila shilingi 300,000 utakazopanga, tenga 100,000 na usiziguse. Hiyo ni fedha ya mvua: usiku wa ziada, gari la kukodi kwa sababu basi halikuja, chakula cha siku ambayo hukuipanga. Itaonekana nyingi ukiwa bado sebuleni kwako. Iweke taslimu, kwa noti ndogondogo, ndani ya mfuko usiopitisha maji, mbali na pochi ya kila siku. Isipotumika, utarudi nayo.

Kiingilio hakipaswi kukutisha. Mtanzania halipi sawa na mgeni wa kutoka nje, na fedha inalipwa serikalini kwa kontroo namba. Piga simu kabla, upate bei ya mwaka huu, na ulipe ukiwa mjini kwenye mtandao mzuri. Muulize na mwongoza wageni kama anatoza kwa kichwa au kwa kundi, kwani kwa familia ya watu sita jibu hilo linaweza kubadilisha safari nzima.

Kuhusu chakula nina msimamo. Watu hubeba maboksi ya juisi na biskuti kutoka Dar es Salaam, wanalipia mzigo, na takataka wanaziacha huko. Nunua machungwa Muheza, hapo ndipo kwao. Juu kula wanachopika wenyeji. Kama una nafasi, rudi na iliki au mdalasini kutoka kwa mkulima mwenyewe.

Mabuti azima, usinunue. Koti la mvua nunua, tena kwa kila mtoto, na soksi ndefu za kuchomekea suruali, maana siafu hawachagui mgeni. Chandarua uliza kama kipo chumbani.

Tarehe nazo ni fedha, na hili ndilo ninalowasisitiza wazazi. Pasaka chumba kinaweza kuwa cha bei ile ile, lakini barabara inakuwa ghali. Juni masika yameshapungua, shule zimefungwa, njia zimeanza kukauka. Kama wewe ni mtu wa mchango wa kikoba, mgao ukitoka sasa usiuweke mpaka Aprili ijayo. Uende nao Juni hii.

Sisi tunarudi mwezi huo. Jana usiku binti yangu, yule aliyebebwa mgongoni, alichukua daftari akaandika yeye mwenyewe. Mstari wa kwanza ameweka jina la yule kijana, na mbele yake bei aliyotutajia kwa simu, bila kupunguza hata shilingi. Chini yake ameandika: mvua.