Kiti Kimoja na Waliokikalia

Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Majengo



Nimeombwa kusema machache kabla ya kura kupigwa. Nitawasimulia habari za kiti kimoja na watu wanne waliokikalia.

Mwezi wa Oktoba 1944 kiliundwa hapa Nairobi chama cha kumuunga mkono Bwana Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Baadaye kilijulikana kwa jina la Kenya African Union, yaani K.A.U. Rais wake wa kwanza alikuwa Harry Thuku, yule aliyekuwa mpokea simu wa Hazina, akapinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye watu waliokusanyika kudai afunguliwe walipigwa risasi nje ya kituo cha polisi, naye akapelekwa uhamishoni Kismayu.

Hata hivyo, katika kiti cha K.A.U. Thuku hakutimiza mwaka. Mwaka wa 1945 alikipokea James Gichuru, mwalimu. Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka wa 1946, Gichuru hakung'ang'ania. Juni 1947 alijiuzulu, Kenyatta akachaguliwa. Oktoba 1952 Kenyatta alikamatwa, na Walter Odede wa Nyanza akakaimu. Machi 1953 yeye naye alikamatwa, na mwezi wa Juni chama kikapigwa marufuku.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka wa 1960 KANU ilipoundwa, Kenyatta angali kizuizini, Gichuru alishika urais. Oktoba 1961, Kenyatta akiwa huru, Gichuru alimpisha mara ya pili. Wala hakupotea kwa kupisha. Baada ya Uhuru alikuwa Waziri wa Fedha.

Ndugu zangu, mwaka uliopita mkutano wetu ulivunjika kwa makelele. Kila upande ulitaka mtu wake, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga meza. Kwa miezi minne chama hakikuwa na mwenyekiti wa kutia sahihi. Mama mmoja aliyefiwa na mumewe alikuja kwangu mara tatu kuomba msaada wa mazishi, ambao marehemu alikuwa ameulipia kila mwezi. Kitabu cha hesabu kilikuwa mkononi mwangu, na fedha zilikuwako benki. Nilimrudisha mikono mitupu. Majirani ndio waliochanga.

Siku ile nilitambua kwamba tuliyemgombania kiti hakuwa mshindani wetu. Alikuwa mama yule.

Basi leo atakayeshinda na aketi, akijua kuwa mpanda ngazi hushuka. Atakayeshindwa na abaki chamani, alipe ada yake, amsaidie mwenziwe. Na yule anayeondoka, akabidhi vitabu na funguo leo hii, mbele yetu sote.