Kitu Kisicho na Spea: Kufunga na Kutuma Vitu vya Wakusanyaji kutoka Nkubu

Mada iliyowasilishwa kwenye warsha ya wafanyabiashara wadogo wa mtandaoni, Nkubu, Kaunti ya Meru



1. Utangulizi

Tunazungumzia vitu ambavyo havitengenezwi tena: stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, shilingi za Afrika Mashariki zenye simba na milima, zilizoanza kutolewa mwaka 1921, noti za kwanza za Benki Kuu ya Kenya, za Septemba 1966, pamoja na vigoda, vibuyu na vyondo vya zamani. Mtu aliyeagiza viatu vikafika vimechanika hutumiwa jozi nyingine. Aliyeagiza shilingi ya mwaka 1922 ikafika imekwaruzwa hana pa kukimbilia, hata akirudishiwa pesa zake zote.

Mkusanyaji hununua kitu pamoja na hali yake. Stempu iliyong'oka jino moja, au noti iliyokunjwa kona, hushuka thamani papo hapo. Kwa hiyo hoja yangu ni hii: anayefunga kifurushi cha namna hii anafanya kazi ya mhifadhi wa makumbusho, na sehemu kubwa ya usalama wa kitu huamuliwa mezani kabla mzigo haujafika posta.

2. Kumjua adui wa kila kitu

Kifurushi kinachotoka Nkubu huteremka na kupanda makorongo ya Mutonga, Nithi na Thuci kabla ya kufika Embu na Nairobi. Huko hupangwa chini ya mizigo mingine, hupitia mashine na ndege, kisha huweza kufunguliwa na maofisa wa forodha. Hatuwezi kuisimamia safari yote hiyo. Tunachoweza ni kujiuliza kitu hiki kinaogopa nini. Sarafu inaogopa msuguano, jasho la vidole na kemikali. Stempu na noti zinaogopa unyevu na kupindwa. Kibuyu kinaogopa kubonyezwa. Kiondo kinaogopa ukungu na wadudu. Ukishajua adui, vifaa vya kufungia vinajichagua vyenyewe.

3. Sarafu

Kwanza, usiisafishe. Wengi wetu huisugua kwa limau, majivu au dawa ya shaba ing'ae, na hapo mkusanyaji huiona imeharibika. Rangi ya uzee ndiyo aitakayo.

Ishike kwenye ukingo, usiguse uso wake. Iweke katika kishikio cha kadibodi chenye dirisha la plastiki safi, ukibane kwa stepla pande zote. Chukua koleo uzilaze zile pini za stepla mpaka ziwe bapa kabisa, kwa sababu pini iliyochomoza huchora uso wa sarafu ya jirani. Epuka vifuko laini vya PVC: baada ya muda hutoa kemikali inayoacha utando wa kijani kwenye shaba na fedha.

Kisha kata vipande viwili vya katoni, mistari ya kimoja ikienda wima na ya kingine ikienda mlalo, ili vikiwekwa pamoja visipinde upande wowote. Bandika kishikio kati ya vipande hivyo kwa selotepu ya karatasi, halafu ufunge. Sarafu iliyoachwa ikicheza ndani ya bahasha hupasua karatasi inapopita kwenye roli za mashine, na mnunuzi hupokea bahasha tupu.

4. Stempu na noti

Selotepu isiguse stempu wala noti hata kidogo. Tia stempu au noti kwenye kifuko cha karatasi laini inayopitisha mwanga, kisha kati ya kadi mbili ngumu, na mwisho ndani ya nailoni iliyozibwa. Misimu yetu ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, hujaza unyevu hewani. Ukiziba nailoni siku ya ukungu unaufungia unyevu huo ndani pamoja na stempu, na gundi ya mgongoni hushika kadi. Fungia ndani ya chumba kikavu, mbali na jiko na birika.

5. Vibuyu, vigoda na vyondo

Jaza nafasi ya ndani ya kibuyu kwa karatasi nyeupe iliyofinyangwa bila kuishindilia. Kizungushie nailoni ya mapovu, kitie kwenye katoni ya kwanza, kisha katoni hiyo uitie ndani ya nyingine, ukiacha sentimita 5 za karatasi kila upande. Tikisa. Ukisikia au ukihisi kitu kinasogea, fungua uanze upya.

Majani makavu ya migomba tunayapata bure, lakini kifurushi cha ng'ambo hakiyataki. Majani, nyasi na maranda huweza kubeba wadudu na mbegu, na wakaguzi wa mimea wa nchi kama Australia huweza kukizuia kifurushi au kukiteketeza. Kibuyu na kigoda navyo vimetokana na mimea, kwa hiyo waulize KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya, kama nchi ya mnunuzi inadai cheti cha afya ya mimea. Ukitumia sanduku la mbao nzima, liwe na mhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha mbao za kufungia, unaoonyesha kuwa mbao zimetibiwa, mathalani kwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30. Katoni haina sharti hilo.

Pima na ukubwa. Kampuni nyingi za usafirishaji hupima pia nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Katoni ya 40 kwa 30 kwa 30 hulipiwa kama kilo 7.2 hata ikiwa ndani mna kiondo cha kilo moja. Tafuta katoni inayokaribia umbo la kitu, bila kuiba zile sentimita 5.

6. Karatasi za nje

Fomu ya forodha ya CN22 au CN23 ijazwe kwa ukweli: kitu gani, kingapi, thamani gani. Kuandika "zawadi" au kushusha bei ili mnunuzi akwepe ushuru ni udanganyifu, na kifurushi kikipotea fidia inaweza kuhesabiwa kwa bei ile uliyoandika. Mweleze mnunuzi mapema kuhusu ushuru wa kwao. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi visivyozidi euro 22 tangu 1 Julai 2021, na Marekani ilisimamisha msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800 tangu 29 Agosti 2025.

Sarafu, noti na vito visitumwe kwa barua ya kawaida. Uliza kaunta ya Posta kuhusu rejesta, bima au huduma ya haraka ya EMS, na kama nchi iendako inakubali. Hifadhi risiti yenye namba ya ufuatiliaji inayoishia na herufi KE. Weka nakala ya anwani ndani ya katoni pia, pamoja na yako yenye msimbo wa posta wa Nkubu, 60202, ili lebo ya nje ikibanduka mzigo usipotee.

7. Visivyotumwa

Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Hakitoki nchini bila kibali. Pembe za ndovu usiziguse kabisa, na ngozi ya mbega katika mavazi ya ngoma iko chini ya sheria za wanyamapori na mkataba wa CITES wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea walio hatarini.

Liko pia suala la heshima. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za ukumbusho wa wazee waliofariki, viliibwa mahali viliposimikwa vikaishia mikononi mwa wakusanyaji na makumbusho ya Marekani, na familia zimehangaika miaka mingi kuvirudisha. Kitu cha ukoo au cha Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, kisiuzwe na mtu mmoja kwa sababu tu kimekutwa darini kwa babu. Waulize wazee kwanza.

8. Mapendekezo

Napendekeza tununue kwa pamoja vishikio, katoni na nailoni ili bei ishuke. Tupige picha kila kitu kabla ya kukifunga, kinapofungwa, na katoni ikiwa imezibwa. Na gharama ya kufunga ihesabiwe ndani ya bei tangu mwanzo, isije ikaonekana hasara.

Maswali ya vikundi: Kati ya unavyouza, ni kipi hujui umri wake, na nani anaweza kukuthibitishia? Je, ungekubali kulipa bei ile kama wewe ndiwe ungefungua katoni hiyo?